Samaki Aliyeng'atwa na Wenzake: Namna ya Kumuuguza Hadi Apone

Unawasha taa ya tangi asubuhi, unawahesabu samaki wako, mmoja hayupo. Unamtafuta na kumkuta amejibana nyuma ya kichujio, mkia umenyofolewa hadi karibu na shina, ubavuni pana doa jeupe lisilo na magamba. Kila anayefuga samaki wa mapambo kwa muda mrefu hupambazukiwa na asubuhi kama hiyo, na swali la kwanza huwa ni lile lile: nimtilie dawa gani?

Naomba uliweke swali hilo kando kwanza. Ngozi ya samaki ina uwezo mkubwa wa kujiziba. Jeraha dogo huanza kufunikwa saa chache tu baada ya kutokea, kwa kuwa chembe za ngozi ya juu hutambaa kutoka kingoni na kukutana katikati. Samaki wengi waliong'atwa huponyoka meno ya wenzao wakaja kuuawa na yale yanayofuata: maji machafu, hofu isiyokatika, kisha bakteria na ukungu unaovamia mwili uliochoka. Kwa hiyo utaratibu wangu ni utulivu na maji safi kwanza, chumvi baada ya hapo, na dawa mwisho kabisa, tena kwa ugonjwa ninaouona kwa macho yangu.

Samaki wangu wa kwanza kung'atwa nilimtilia dawa tatu kwa siku moja, ndani ya chombo kidogo kisicho na pampu ya hewa. Jeraha lake halikuwa kubwa. Alikufa akihema juu ya maji. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya samaki kama yule.

Hatua ya 1: Watenganishe, lakini fikiri nani atoke

Wengi humtoa majeruhi bila kufikiri. Mara nyingi ni sawa, ila si kila mara. Samaki ambaye ametoka kufukuzwa usiku kucha, ukimkimbiza tena kwa wavu na kumhamishia chombo kigeni, unamwongezea pigo la pili. Ikiwa kilichoharibika ni mapezi tu, anaogelea vizuri na mchokozi unamjua, mtoe mchokozi. Hilo lina faida nyingine: akikaa nje wiki moja au mbili, hupoteza himaya aliyokuwa akiilinda, na akirudi hurudi kama mgeni.

Mtoe majeruhi pale nyama inapoonekana, damu inapotoka, jicho linapokuwa limeguswa, anapopinda au kuanguka anapoogelea, au pale usipojua nani alimng'ata. Samaki wenye majeraha huvuta wengine waje kudonoa, hata wale wapole ambao hawakuhusika mwanzoni.

Ipo njia ya kati: kizuizi cha plastiki chenye matundu kinachogawa tangi, au kisanduku cha kuning'iniza ndani ya tangi lile lile. Majeruhi hubaki kwenye maji aliyoyazoea na kichujio kilichokomaa. Mimi huipenda njia hii kwa majeraha ya mapezi. Lakini kizuizi kikiwa cha kioo kitupu na mchokozi akashinda upande wa pili akimkodolea macho, majeruhi hapati nafuu. Weka mmea au kitu kingine cha kumkinga asionekane.

Unapomkamata, zima taa ya tangi na ya chumba. Tumia bakuli au kikombe kikubwa: kizamishe, kisha msukume samaki taratibu aingie, ukitumia wavu kama ukuta tu. Nyuzi za wavu hukwangua utelezi wa mwilini, na utelezi huo ndio kinga yake ya kwanza dhidi ya vijidudu. Ikibidi umguse, lowesha mikono kwanza kwa maji ya tangi, na hakikisha haina sabuni wala mafuta.

Hatua ya 2: Mkague akiwa ndani ya maji

Akiwa bado kwenye bakuli angavu, mtazame kwa dakika chache na umpige picha kwa simu, pande zote mbili. Picha hiyo itakufaa kuliko kumbukumbu yako, maana kila siku utajiuliza kama jeraha linakua au linapungua.

Anza na pumzi. Linganisha mwendo wa mashavu yake na wa mwenzake mzima wa aina hiyo hiyo. Akihema kwa kasi sana au akishikilia mdomo juu ya maji, hali ni mbaya, na hewa ndiyo huduma ya kwanza anayoihitaji. Kisha angalia mapezi: yamechanika kama kitambaa, au yameliwa hadi kwenye shina? Pezi lililochanika huota tena karibu kila mara. Lililoliwa hadi kwenye mifupa ya shina huenda lisirudi, au likarudi limepinda. Fuata mwili: magamba mangapi yametoka, nyama inaonekana, kingo ni nyekundu? Malizia na macho, tumbo, na jinsi anavyojiweka sawa majini.

Mapezi peke yake ni jeraha dogo. Magamba machache pia. Nyama iliyo wazi ni jeraha la kati, na hapo uangalizi wa kila siku hauna mjadala. Jeraha lililofika tumboni, shavu lililong'olewa, au samaki anayelala ubavu saa baada ya saa ni hali ambayo nitaizungumzia baadaye, kwa kuwa ina uamuzi wake mgumu.

Hatua ya 3: Tangi la wagonjwa

Si lazima liwe tangi la kioo. Beseni au ndoo ya plastiki ambayo haijawahi kutiwa sabuni wala kemikali inatosha. Kwa samaki wadogo kama gapi, tetra na beta, lita 20 zinafaa. Kwa samaki wa dhahabu au sikilidi wa ukubwa wa kiganja, anzia lita 40, na zaidi ni bora.

Usiweke changarawe chini, ili uone kinyesi na mabaki ya chakula na uyatoe. Weka kichujio cha sponji kinachoendeshwa na pampu ya hewa: husafisha, huleta oksijeni, na mkondo wake ni mpole kwa samaki asiye na mkia wa kupambana na maji. Weka maficho, hata kama ni kipande cha bomba la plastiki au chungu kidogo kisicho na kingo kali. Samaki anayejua pa kujificha hutulia mapema. Funika juu, kwa kuwa samaki mwenye hofu huruka, kisha tandika kitambaa pande tatu. Taa usiiwashe siku mbili tatu za mwanzo. Mwanga hafifu wa chumba unamtosha.

Maji ya kuanzia yachote kutoka tangi kubwa, mradi umeyapima na yako salama. Hapo joto na pH (kipimo cha asidi ya maji) vinakuwa vile alivyovizoea, na hahitaji kuzoeshwa upya. Ikiwa maji ya tangi kubwa ni mabaya (na mara nyingine ubaya huo ndio uliochochea ugomvi), tumia maji mapya yaliyotayarishwa, yenye joto lile lile, na umwongezee kidogo kidogo kwenye bakuli lake kwa muda wa saa moja kabla ya kumhamisha.

Kuhusu joto, liache kama lilivyokuwa: nyuzi 24 hadi 26 za Selsiasi kwa samaki wengi wa maji ya kitropiki, bila hita kwa samaki wa dhahabu. Utasikia ushauri wa kupandisha joto hadi nyuzi 30 ili apone haraka. Siukubali kwa majeraha. Maji ya moto zaidi hubeba oksijeni kidogo, na bakteria kadhaa wanaoshambulia vidonda, akiwemo Flavobacterium columnare, hustawi zaidi katika joto hilo.

Hatua ya 4: Maji, kila siku

Hapa ndipo samaki wengi wagonjwa hupotea. Tangi kubwa lina bakteria rafiki wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa. Tangi la wagonjwa halina bakteria hao. Samaki hutoa amonia kwa mashavu yake muda wote, hata asipokula, na amonia huyaunguza mashavu na ngozi ile ile unayotaka ipone. Maji yakionekana angavu yasikudanganye, kwa sababu amonia haina rangi.

Ukiwa na vipimo, lengo ni amonia 0 na nitriti 0. Ikisoma 0.25 mg kwa lita au zaidi, badilisha nusu ya maji siku hiyo hiyo. Usipokuwa na vipimo, badilisha thuluthi moja kila siku bila kungoja dalili. Kumbuka amonia huwa na sumu kali zaidi kadiri pH na joto vinavyopanda, kwa hiyo kiwango ambacho samaki mmoja anakivumilia kwenye maji yenye asidi kidogo kinaweza kumdhuru mwingine kwenye maji ya pH 8.

Maji ya bomba huwa na klorini. Ukiyaacha wazi yakipigwa hewa kwa saa 24, klorini hupotea. Kloramini, ambayo mamlaka nyingi za maji huitumia badala yake, haipotei kwa njia hiyo. Kwa kuwa huwezi kuzitofautisha kwa kuangalia, tumia dawa ya kuondoa klorini kila unapobadilisha. Joto la maji mapya lilingane na la tangi, na uyamimine taratibu ukutani mwa chombo, mbali na samaki.

Kuna siri moja ya wafugaji wazoefu ambayo ningeitoa kwa kila anayeanza: weka sponji ya akiba ndani ya kichujio cha tangi kubwa, ikae humo siku zote. Ndani ya wiki kadhaa itajaa bakteria rafiki. Siku ya dharura unaichomoa na kuivalisha kichujio cha tangi la wagonjwa, na kazi ya kupambana na amonia inakuwa nyepesi kwa kiasi kikubwa.

Hatua ya 5: Chumvi, na kwa nini inasaidia

Mwili wa samaki wa maji baridi, yaani yasiyo ya bahari, una chumvi nyingi kuliko maji yanayomzunguka. Ndiyo maana maji huingia mwilini mwake bila kukoma, kupitia mashavu hasa, huku chumvi zake zikivuja kwenda nje. Figo hufanya kazi mchana na usiku kuyatoa maji hayo kama mkojo mwingi. Ngozi, magamba na utelezi ndivyo vinavyozuia uvujaji usizidi. Jeraha ni tundu katika ukuta huo: maji huingia zaidi, chumvi hutoka zaidi, na nguvu ambazo zingejenga ngozi mpya huishia kwenye figo. Ukiongeza chumvi kidogo majini, unapunguza tofauti kati ya ndani na nje, na samaki anapumzika. Chumvi pia huzuia nitriti isiingie kwa urahisi kwenye damu, na huudhoofisha ukungu.

Kipimo ninachoanza nacho ni gramu 1 kwa kila lita. Kwa jeraha lililo wazi napanda hadi gramu 2 au 3 kwa lita, kwa samaki wanaoivumilia. Tangi la lita 20 kwa gramu 1 linahitaji gramu 20. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba takribani gramu 6 za chumvi laini, ila mizani ndogo ya jikoni ni ya uhakika zaidi. Tumia chumvi tupu, isiyoongezwa viungo wala kemikali ya kuzuia isigande. Iyeyushe kwanza kwenye maji ya tangi, ugawanye mafungu matatu, na uyatie kwa muda wa nusu siku.

Chumvi haiondoki na mvuke. Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji matupu. Ukibadilisha maji, rudisha chumvi ya kile ulichotoa tu: ukitoa lita 5 kwenye tangi la gramu 1 kwa lita, rudisha gramu 5. Wanaosahau hesabu hii hujikuta wiki ya pili wana maji ya chumvi mara mbili ya walivyokusudia.

Si samaki wote wanaoipokea. Kambale wadogo aina ya Corydoras, lochi, na tetra wengi waliozoea maji laini huishia kwenye gramu 1 au chini yake, na ukiwaona wanahangaika, badilisha nusu ya maji papo hapo. Mimea na konokono pia huathirika, ndiyo sababu chumvi hii haitiwi kwenye tangi kubwa. Na haya yote ni ya samaki wa maji baridi. Wa baharini wana tatizo la kinyume, mwili wao hupoteza maji kupitia jeraha, na kuwaongezea chumvi ni kuwadhuru.

Kwa samaki asiyeweza chumvi, majani makavu ya mti wa mkungu ni msaada wa upole. Jani moja la ukubwa wa kiganja kwa lita 20 hutoa tanini zinazoyapaka maji rangi ya chai, huzuia kidogo vijidudu, na giza lile humtuliza samaki. Yasuuze kwanza, na yatoe yakianza kuchakaa.

Hatua ya 6: Chakula

Siku ya kwanza usimlishe. Hatakula, na chakula kitaoza. Kuanzia siku ya pili mpe kidogo sana mara mbili kwa siku, chenye protini: minyoo myekundu iliyogandishwa (iyeyushe barafu kwanza), dafnia au atemia (wanyama wadogo sana wa majini, wa jamii ya kamba). Kisicholiwa ndani ya dakika kumi kitoe kwa bomba dogo. Samaki mzima akikataa chakula siku tatu au nne hajafika pabaya, basi usimrundikie kila aina ya chakula kwa wasiwasi. Siku atakayokuja mbele kukudai, utajua amevuka.

Hatua ya 7: Kusoma jeraha

Sehemu hii ndiyo inayowachanganya watu zaidi, na ndiyo inayowafanya watie dawa zisizohitajika.

Siku moja hadi tatu baada ya tukio, jeraha la mwilini hufunikwa na utando mwembamba, bapa, wa kijivu au weupe hafifu. Hiyo ni ngozi mpya na utelezi. Wengi huiona, hushtuka, humwaga dawa ya ukungu na kuiunguza ngozi changa. Ukungu wa kweli, ambao mara nyingi ni Saprolegnia, una umbo lake: nyuzi zinazosimama kama pamba, zikipepea majini samaki anapopita. Mtazame kwa upande huku mwanga ukitoka nyuma yake. Bapa ni kupona. Manyoya ni ukungu.

Kwenye mapezi, tafuta ukingo angavu usio na rangi, kama plastiki nyembamba. Hilo ni pezi linaloota, na rangi itafuata baadaye, pengine isilingane kabisa na ya zamani. Pezi linalooza huonekana tofauti: ukingo ni mweupe wa maziwa, mweusi au mwekundu, umechakaa bila mpangilio, na kila siku umerudi nyuma zaidi. Hapo ni bakteria kama Aeromonas au Pseudomonas, na karibu kila mara maji yana kosa.

Wekundu mdogo kuzunguka jeraha siku ya kwanza ni wa kawaida. Wekundu unaopanuka siku ya tatu si wa kawaida. Na ukiona bato la kijivu au manjano hafifu mdomoni, au mgongoni kama tandiko la farasi, likipanuka ndani ya siku moja, usimngojee; huyo ni Flavobacterium columnare niliyemtaja juu. Kwa mbali hufanana na ukungu, lakini ni bakteria, na dawa ya ukungu peke yake haimwezi.

Sasa linganisha picha zako. Mchaniko mdogo wa pezi huonyesha mabadiliko ndani ya wiki moja au mbili. Magamba huchukua wiki kadhaa. Jeraha la nyama lahitaji mwezi na zaidi, na katika maji ya baridi zaidi hata muda huo hautoshi. Jeraha lisilobadilika kwa siku nne si la kuogopesha ikiwa samaki anakula.

Hatua ya 8: Dawa, ikibidi

Kwa ukungu uliouthibitisha, metileni bluu au dawa yenye malakaiti kijani hufanya kazi. Metileni bluu huua bakteria rafiki na kutia madoa kwenye gundi ya kioo, kwa hiyo hutumika kwenye tangi la wagonjwa pekee, ukiendelea kubadilisha maji. Malakaiti ni kali: vaa glavu, na kwa samaki wasio na magamba punguza kipimo kama kifungashio kinavyoelekeza.

Kwa maambukizi ya bakteria yanayosonga mbele licha ya maji safi, inahitajika antibiotiki. Mwone daktari wa mifugo anayejua samaki, kamilisha siku zote alizoandika, na usiimwage kwenye tangi kubwa. Kabla ya dawa yoyote toa mkaa wa kuchujia, maana huinyonya dawa. Ongeza hewa, kwa sababu dawa nyingi hupunguza oksijeni. Dawa moja kwa wakati mmoja. Ukitaka kubadilisha, badilisha kwanza maji mengi na upumzishe siku moja.

Jicho lina habari yake. Jicho moja lililovimba baada ya ugomvi kwa kawaida ni la kipigo, ilhali yote mawili yakivimba pamoja, shuku maji au ugonjwa wa ndani. Kwa uvimbe wa kipigo, chumvi ya Epsom, ambayo ni magnesiamu salfeti na si chumvi ya mezani, hutumika kwa kijiko kimoja cha chai kwa lita 20 ili kupunguza maji yaliyojaa. Jicho likipotea kabisa, usimkatie tamaa. Samaki wa jicho moja hujifunza upande wake na huishi miaka, mradi wenzake si wa kumpora chakula.

Asipopona

Yupo samaki ambaye utamfanyia yote haya na bado atalala ubavu, hali chakula, mashavu yakienda kwa shida, tumbo liko wazi. Kumwacha siku tano hivyo si huruma. Mafuta ya karafuu humlaza bila maumivu yakitumiwa vizuri: tikisa matone machache kwenye chupa ya maji ya tangi mpaka yawe meupe, yamimine polepole kwenye chombo chake mpaka alale, kisha ongeza hadi kufikia angalau matone 10 kwa kila lita. Mwache humo nusu saa baada ya mashavu kusimama kabisa. Usimtupe chooni akiwa hai, wala usimgandishe kwenye friji.

Kwa nini aling'atwa?

Wakati majeruhi anapumzika, keti mbele ya tangi kubwa. Usipopata sababu, utarudi kwenye hatua ya kwanza.

Jambo linalosahauliwa zaidi: huenda alikuwa mgonjwa kabla. Samaki dhaifu huogelea vibaya, na wenzake huligundua hilo kabla yako. Vivyo hivyo, samaki aliyekutwa amekufa na kuliwa nusu huenda hakuuawa na yeyote. Alikufa, kisha wakamla. Pima maji kabla ya kumhukumu mtu.

Zipo na tabia za asili. Barbi wenye milia, Puntigrus tetrazona, wakiwa watatu au wanne hudonoa kila pezi refu linalopita. Wakiwa wanane na zaidi huhangaishana wenyewe kwa wenyewe. Madume wawili wa beta hawakai pamoja kabisa. Gapi madume wengi na majike wachache ni mateso kwa majike. Samaki malaika na sikilidi wengine, hata wakiwa wapole mwaka mzima, hugeuka wakali wakitaga mayai. Mbuna wa Ziwa Nyasa hulinda miamba yao, ndiyo sababu wafugaji wao huwajaza kiasi na kuweka mapango mengi, ili hasira isimwangukie mmoja. Na ukikuta madoa mekundu ya mviringo ubavuni mwa samaki wa dhahabu, mtazame usiku yule mla mwani mwenye mdomo wa kunyonya: Gyrinocheilus aymonieri na baadhi ya pleko, wakikua au wakikosa chakula, huanza kunyonya utelezi wa samaki wapana.

Ikiwa sababu ni aina mbili zisizopatana, hakuna uuguzi utakaoirekebisha. Mmoja atafutiwe makao mengine.

Kumrudisha

Mrudishe jeraha likiwa limefunga, mapezi yameanza kuota, anakula kwa hamu, na imepita wiki nzima bila dawa. Ukitumia chumvi, ipunguze kwa kubadilisha maji matupu kwa siku tatu au nne kabla ya siku yenyewe.

Siku hiyo panga upya mawe, magogo na mimea ya tangi kubwa. Kila aliyekuwa na himaya atakuwa anatafuta mahali pake upya, na mgeni atakuwa mmoja wao. Walishe wenyeji washibe, zima taa, kisha mwachie majeruhi taratibu karibu na maficho. Mchokozi, kama ulimtenga, aingie wa mwisho, siku kadhaa baadaye.

Keti hapo nusu saa. Kufukuzana bila kugusana ni kusalimiana kwao. Ishara mbaya ni ya kimya: samaki aliyejibana kona ya juu, mapezi yamefungwa, hasogei hata chakula kikiingia. Mwangalie tena asubuhi kabla hujawasha taa, na kila asubuhi kwa wiki nzima. Akidonolewa tena mtoe, jaribu mara moja zaidi kwa mpangilio mwingine, na ikishindikana umpe tangi lake.

Halafu safisha tangi la wagonjwa kwa maji ya moto, likauke kabisa juani. Sponji, kama hukutia dawa na hapakuwa na maambukizi, irudishe kwenye kichujio cha tangi kubwa. Kama ulitia, itupe, na weka mpya humo leo hii ianze kukomaa.